Wahamishie Sinza: Kufaulu na Kutofaulu kwa Riwaya ya Kihistoria ya Mapenzi

Utangulizi

Katika uhakiki wetu wa fasihi ya Kiswahili pana mgawanyo wa kazi ambao tumeuzoea mno hata hatuuhoji tena. Historia tumewapa waandishi wa riwaya tunayoiita dhati. Mapenzi tumewaachia waandishi wa riwaya pendwa. Ukitaka kujua habari za mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948, unaelekezwa kwenye Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979). Ukitaka mapenzi, haya, kamtafute Ben Mtobwa, Hammie Rajab au Kajubi Mukajanga, ukasomee chumbani mlango umefungwa, maana ukikutwa nacho kitabu hicho utaulizwa kama vile vya kozi umevimaliza.

Matokeo yake ni kwamba riwaya inayochanganya vyote viwili, yaani kisa cha watu wawili wanaopendana katika zama zilizopita, haina mahali pa kukaa. Wapenzi wa historia wanaiona imelainika. Wapenzi wa mapenzi wanaiona ina somo ndani yake. Naye mhakiki akifika kwenye kile kipengele chetu cha mwisho, "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi", anaandika mistari mitatu: mwandishi amefaulu kutumia lugha nyepesi, ametumia tamathali za semi, ila suala la mapenzi limechukua nafasi kubwa. Basi, imekwisha.

Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo vizuri zaidi. Riwaya ya kihistoria ya mapenzi hufaulu kwa lipi, na hudorora kwa lipi? Jibu ninalolitetea ni hili: hufaulu pale ambapo historia yenyewe ndiyo inayowakutanisha na kuwatenganisha wapenzi, na hudorora pale historia inapogeuzwa pambo la chumba wanamokutania. Tena swali hili si la kupitishia wakati. Watu wengi waliotutangulia, pwani na bara, hawakuacha hati. Serikali ya kikoloni iliwaandika walipokosa kodi au walipofikishwa barazani. Namna walivyopenda, walivyooa, walivyokataliwa na kuachwa ni historia ambayo faili haikuishika. Mtunzi wa riwaya anaweza kuishika. Akiiharibu, ameharibu kitu ambacho hakina nakala ya pili.

Kipimo chenyewe

Lukács, ambaye kitabu chake kuhusu riwaya ya kihistoria kilitoka kwa Kirusi mwaka 1937, alimsifu Walter Scott kwa sababu katika riwaya zake tabia ya mtu huzaliwa na upekee wa wakati wake. Waandishi wa kabla ya Scott, kwa maoni yake, waliwachukua watu wa zama zao wenyewe wakawavika mavazi ya kale. Hoja hiyo inafahamika Mlimani, na imenukuliwa katika tasnifu nyingi. Mimi nataka kuiteremsha kidogo, niifikishe Sinza.

Sinza tunaijua. Ni eneo lililopimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, kisha likajaa nyumba za kupanga, baa, gesti, saluni na vibanda vya chipsi, kuanzia Kijiweni mpaka Makaburini. Wanafunzi wengi wa Mlimani wamepanga huko. Kijana na msichana wakipendana Sinza, vikwazo vyao si siri: kodi ya miezi sita inayodaiwa mara moja, simu isiyopokelewa usiku, dini mbili, shangazi anayetaka kujua kijana ni kabila gani na anafanya kazi wapi.

Sasa wachukue wapenzi wa riwaya yako ya kale, wapakie daladala, washushe Sinza. Wape chumba na sebule. Kisha tazama kama kisa bado kinaenda. Ikiwa kinakwenda vilevile, wanapendana, wanagombana, anatokea tajiri, wanapatana, basi ujue ile mashua, yale majahazi, ule udi na zile sarafu za rupia vilikuwa mapambo tu. Ikiwa kisa kinavunjika, ikiwa kile kilichowatenganisha hakipo kabisa Sinza, hapo mtunzi ameshika historia.

Nitoe mfano usiotoka katika riwaya yoyote. Amri ya Sultani wa Zanzibar ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, lakini masuria hawakuhesabiwa katika uhuru huo. Mtumwa wa shamba aliweza kwenda mbele ya serikali akadai uhuru wake. Suria hakuweza kumwacha bwana wake kwa namna hiyo, isipokuwa kwa sababu kama vile kutendewa ukatili. Hali hiyo ilibadilishwa na amri ya mwaka 1909. Sasa fikiria suria wa mwaka 1900 anayempenda mpagazi aliyekwisha kupata uhuru. Mwanamume huru, mwanamke hayuko huru, na aliyeleta tofauti hiyo ni sheria ile ile inayosifiwa kwamba imekomesha utumwa. Jaribu kuwahamishia Sinza hao! Hawahamishiki. Kisa chao kina miaka 12 tu ya kuishi, tangu 1897 hadi 1909, na kila mwezi wa miaka hiyo una uzito. Hicho ndicho kiini cha riwaya ya aina hii.

Ukerewe: mke anarudishwa kwao

Mfano wa kwanza wa kufaulu hautoki pwani. Aniceti Kitereza, mzaliwa wa Ukerewe wa mwaka 1896, alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 kitabu kinene juu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka. Hakikupata mchapaji. Mwenyewe akaja kukitafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980 kwa jina refu la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata mtunzi akafariki. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, ikatoka mwaka 2002.

Kisa ni chepesi kukisimulia. Wanandoa hawa wanapendana ila hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanasema maneno. Wazazi wa Bugonoka wanachukizwa, wanakuja kumchukua binti yao na kumrudisha kwao. Myombekere anakataa shauri la kutafuta mwanamke mwingine. Anamfuata mkewe ukweni, anapangiwa alipe pombe ya ndizi, anahangaika kuipata, mke anarudishwa. Wanakwenda kwa mganga Kibuguma, na mwishowe wanapata watoto wawili, Ntulanalwo na Bulihwali, ambao majina yao yako juu ya jalada.

Wapo waliolalamika kwamba kitabu kinasimama kila mara kueleza mila: pombe inavyopikwa, wageni wanavyokaribishwa, maiti inavyozikwa. Eti ni elimu ya makabila, si riwaya. Mimi siafiki. Tazama ile pombe. Haipatikani dukani. Inataka ndizi, inataka mikono ya jamaa na majirani, inataka siku nyingi, inataka chombo cha kuibebea na watu wa kuibeba. Mume anayelipa pombe hiyo ni mume ambaye jamii yake imekubali kushika upande mmoja wa mzigo wake. Ndiyo maana maelezo marefu ya upikaji ni maelezo ya mapenzi. Kila mtungi unaoiva unapima kiasi ambacho mtu huyu anamtaka mkewe, na kiasi ambacho watu wake wako tayari kumsaidia ampate. Tukiruka kurasa hizo tukitafuta "mapenzi yenyewe", tumeyaruka.

Wahamishie Sinza, mambo mawili yanatokea. La kwanza, kisa kinavunjika: baba mkwe hana tena uwezo wa kumchukua binti yake akafunga mlango mpaka alipwe pombe, na wanandoa wangeanzia Muhimbili kabla ya kwenda kwa mganga. La pili nitalirudia mbele, maana lina uzito wake: maneno ya ndugu wa mume hayavunjiki. Yale yako Sinza mpaka leo.

Salme na riwaya za wageni

Zanzibar ya karne ya 19 ina kisa kimoja cha mapenzi ambacho kila mgeni anakijua. Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said kwa suria wa Kicherkasi, alipendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa jirani yake mjini. Akapata mimba. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akaenda Aden, akabatizwa na kuolewa mwaka 1867, akaitwa Emily Ruete. Wakaishi Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa kugongwa na tramu ya farasi. Mwaka 1886 mjane huyu akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alifariki mwaka 1924.

Kisa kama hiki ni hatari kwa mtunzi, kwa sababu kinavutia kabla mtunzi hajafanya kazi yoyote. Binti mfalme, bahari, usiku, manowari: nani asiyetaka? Lakini ukizisoma kumbukumbu zenyewe unaona jambo la kustaajabisha. Habari za mapenzi ni kidogo sana. Kurasa nyingi ni za maisha ya kasri, za watoto, masuria, chakula, mavazi, na za njama ya mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua kaka yake Majid, na Salme, angali msichana, akawaandikia wenzake barua kwa kuwa alijua kuandika. Kisha panakuja suala la urithi. Alipoondoka na kubadili dini alipoteza haki yake, na mwaka 1885 alirudi Unguja kwa merikebu za Wajerumani akidai mali yake, wakati Bismarck akimtumia kumbana Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani.

Hapo ndipo penye riwaya. Mapenzi ya watu wawili yamegeuka hati ya madai, na hati ya madai imegeuka silaha ya dola katika miaka ile ile Ulaya ilipokuwa ikigawana Afrika. Mwanamke yuleyule aliyewahi kumwandikia Barghash barua za njama anarudi akiwa mkono wa wanaombana Barghash. Hakuna chumba Sinza kinachoweza kubeba hayo.

Linganisha na Trade Wind ya M. M. Kaye, riwaya ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1963, na ambayo matukio yake yako Unguja mwaka 1859. Hero Hollis, msichana wa Boston, anakuja Zanzibar na chuki yake dhidi ya utumwa. Anakutana na Rory Frost, nahodha Mwingereza ambaye miongoni mwa biashara zake ni watumwa. Njama ya Barghash imo, kipindupindu kimo, Salme naye anapita. Mtunzi amesoma, huwezi kusema hajasoma. Mitaa iko mahali pake na tarehe ziko mahali pake. Tena kisa kinakwenda mbio, unageuza kurasa.

Hata hivyo, riwaya inadorora, na inadororea mahali ambapo ilipaswa kusimama. Frost anamteka Hero na kumwingilia kwa nguvu ili kulipiza kisasi, na mwishowe Hero anampenda. Biashara ya watumwa imekuwa kasoro ya tabia ya mwanamume, kama vile ulevi au kamari: kitu cha kumfanya awe wa hatari na wa kuvutia, kisha asamehewe. Yuko Zorah, msichana aliyenunuliwa na Frost akamzalia mtoto. Mapenzi yake kwa mtu aliyemnunua ndiyo mapenzi pekee katika kitabu ambayo yasingewezekana mahali pengine wala wakati mwingine. Je, anampenda, au hana pengine pa kupeleka moyo? Swali hilo lingetosha riwaya nzima. Lakini Zorah anakufa, na kifo chake kinatumika kumpa Frost sababu ya kisasi. Historia imekaa jikoni, wageni wako sebuleni wanapendana.

Fanya kipimo. Hero na Frost unaweza kuwahamisha leo hii: msichana wa shirika la misaada na mfanyabiashara wa magendo, wakutane kwenye baa ya Sinza Mori. Watakwenda vizuri tu. Zorah huwezi kumhamisha. Mtunzi alimchagua anayehamishika akamwacha asiyehamishika.

Vuta N'kuvute

Mwaka 1999 Mkuki na Nyota ilitoa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Kwangu mimi hii ndiyo riwaya ya Kiswahili iliyovunja ule mgawanyo nilioutaja mwanzoni, maana mwandishi wa Kuli, yuleyule wa mgomo na wafanyakazi, safari hii ameingia kwa mlango wa mapenzi.

Yasmin ni msichana wa Kihindi wa miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa. Anamkimbia. Kwao anakataliwa. Anapokelewa na Mwajuma, Ng'ambo, na huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepambana kwa siri na serikali ya Waingereza. Wanapendana. Denge anasakwa, anafungwa, anatoroka. Hawaishi pamoja. Yasmin anaolewa na Bukheti.

Hebu tazama jiografia ya kisa hiki. Toka Mji Mkongwe mpaka Ng'ambo ni mwendo wa miguu wa dakika chache. Mtoto anatumwa na kurudi kabla chai haijapoa. Lakini katika Unguja ya miaka ya 1950 umbali huo ulikuwa umejengwa kwa mipango ya mji, kwa shule, kwa klabu, kwa namna serikali ilivyowahesabu watu kuwa Waarabu, Wahindi, Waafrika, na kuwagawia sauti na nafasi kwa hesabu hiyo. Yasmin anapovuka, anaiacha hesabu. Mwandishi hahitaji kutoa mhadhara juu ya ubaguzi wa kikoloni. Msichana ametembea, na sisi tumeuona mpaka kwa sababu ameuvuka. Hapo historia na mapenzi vimekuwa tendo moja.

Mwisho nao unastahili sifa. Wasomaji wengi huumia kwamba Denge na Yasmin hawakuoana. Rafiki yangu mmoja alikitupa kitabu kitandani, akasema, "Sasa huyu mwandishi katunyima nini?" Katunyima uongo. Mapambano ya wakati ule yaliwala watu. Mtu aliyejitoa kwayo hakuwa na kesho ya kumwahidi mwanamke. Kama Denge angerudi mwisho wa kitabu na kanzu nyeupe na shada la asumini, historia yote iliyotangulia ingegeuka kuwa vizingiti vya mchezo, vya kurukwa kisha kusahauliwa. Naye Bukheti si adhabu. Ni mtu mwema, na Yasmin ana haki ya kuishi hata kama shujaa hayupo. Kuna riwaya nyingi zinazomtaka mwanamke amsubiri mpiganaji mpaka azeeke. Hii haikumtaka hivyo.

Kutofaulu kupo. Askari wa kikoloni, Inspekta Wright na Koplo Matata, wamechorwa kwa rangi moja. Wanachekesha, wanachukiza, basi. Riwaya iliyojua kumwonyesha Yasmin akivutwa huku na huku ingeweza kumwonyesha pia mtu mweusi aliyevaa sare ya Mwingereza akivutwa, kwani naye alikuwa na nyumbani, ana mke, ana majirani. Mvutano ungekuwa mkali zaidi.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliitolea riwaya hii filamu kwa jina lilelile, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Vijana wengi wa sasa wamemjua Yasmin kwa kupitia filamu. Ni jambo jema, na linathibitisha hoja: kilichowavuta watu kwenye siasa za Unguja ya kikoloni ni watu wawili waliokatazwa kukutana.

Peponi: mpenzi aliyewekwa rehani

Mfano wa mwisho umechelewa kufika katika lugha yetu. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 1994. Mwandishi akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ikatolewa na Mkuki na Nyota. Yusuf, mtoto wa mwenye hoteli, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu baba yake ana deni. Anadhani anasafiri na ami yake. Polepole anaelewa kwamba yeye ni rehani. Baadaye anampenda Amina, naye Amina alifika katika nyumba ile kwa njia ya deni vilevile, na sasa ni mke wa tajiri.

Ukisema "kijana amempenda mke wa tajiri wake" umesema kisa ambacho kiko kila mtaa, Sinza kimejaa. Lakini hapa wote wawili ni malipo. Yusuf akimwambia Amina waondoke, ni kama fedha mbili zimezungumza ndani ya mfuko. Wataondoka waende wapi, na deni la wazazi litabaki kwa nani? Gurnah hatuelezei kwa aya ndefu mfumo wa mikopo wa misafara ya bara na pwani. Anauweka katikati ya watu wawili kwenye bustani, nasi tunauelewa kwa uchungu. Mwishoni Yusuf anaufuata msafara wa askari wa Kijerumani. Anatoka katika rehani moja kuingia katika nyingine, na mapenzi hayakuweza kumzuia.

Aina tatu za kudorora

Kutokana na mifano hii tunaweza kutaja maradhi makuu matatu.

La kwanza ni riwaya-makumbusho. Mtunzi amekusanya vitu vingi, anataka tuvione vyote. Mlango wa Kihindi wenye misumari, buli la shaba, kahawa chungu. Tarehe ni muhimu, sikatai. Asimpe mpenzi wa mwaka 1910 santuri ya Siti binti Saad, kwani Siti alirekodi kwa mara ya kwanza Bombay mwaka 1928. Asimlipie bibi arusi wa Unguja mahari kwa shilingi mwaka 1920, kwani huko rupia ilitumika mpaka 1936. Lakini kosa la namna hii msomaji anaweza kulisamehe. Lisilosameheka ni kuwa na rupia sahihi ambayo haimzuii wala haimfungulii mtu yeyote jambo lolote.

La pili ni riwaya-mhadhara. Wapenzi wanakutana usiku, wana dakika 10, na kijana anazitumia kumweleza msichana maana ya ukoloni. Jamani! Nani alipendwa hivyo? Riwaya zetu za miaka ya 1970 na 1980 ziliugua sana ugonjwa huu, na wahakiki, wanafunzi kwa wahadhiri, tuliulea kwa kuusifu kuwa ni "uzito wa maudhui".

La tatu ni mtu wa leo katika kanzu ya jana. Msichana wa mwaka 1890 anasema "nakupenda" kila ukurasa, anadai nafasi ya kujitafuta, anamkatalia baba yake hadharani na hakuna kinachotokea. Wanawake wa zamani walikataa, tena sana. Lakini walikataa kwa njia zilizokuwepo: kwa kurudi kwao, kwa kumtumia mshenga jibu la kupindapinda, kwa wimbo, kwa kwenda kwa kadhi, kwa kupandisha pepo, kwa kukimbilia misheni. Mtunzi akizijua njia hizo ana hazina. Asipozijua anamkopesha bibi yake ujasiri wa mjukuu, kana kwamba bibi hakuwa na wake.

Mipaka ya kipimo

Mtu atauliza, na ana haki: kama yote yanavunjika Sinza, mimi wa Sinza nasoma ya nini? Riwaya isiyohamisha chochote inanihusu vipi?

Ndiyo sababu niliyahifadhi yale maneno ya ndugu wa Myombekere. Kipimo hakisemi kila kitu kivunjike. Kinasema kisa kivunjike, kisha tuone ni kitu gani kimebaki mkononi. Bugonoka akifika Sinza, baba yake hawezi kumdai mume pombe, lakini wifi atauliza "vipi, bado?" kwa sauti ileile. Yasmin akifika Sinza, mji haujagawanywa kwa hesabu ya Mwingereza, lakini msichana wa Kihindi aliyehamia chumba cha kupanga kwa ajili ya kijana Mwafrika ataangaliwa mara mbili. Na ile ndoa yake ya miaka 15? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa Tanzania Bara kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ikatamka mwaka 2016 kwamba hilo linakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Yasmin wa miaka ya 1950 amekaa karibu na sisi kuliko tulivyodhani.

Riwaya iliyodorora inahama yote, kwa sababu haikuwa na zama zake. Riwaya iliyofaulu inavunjika, na katika vipande vyake tunakuta kimoja ambacho hakikuvunjika, na hicho ndicho kinachotuchoma. Mapambo ya zamani hayawezi kufanya kazi hiyo.

Hitimisho

Yafaa basi tuache kuandika kwamba "mapenzi yamechukua nafasi kubwa" kana kwamba ni kosa. Tuulize mapenzi hayo yamebeba nini. Tena tuwaulize watunzi wetu, pamoja na sisi wenyewe tunaoandika usiku baada ya semina, mbona tunapenda kusimama mahali palepale. Riwaya ya Unguja imezoea kuishia mlangoni mwa Januari 1964, kama vile watu waliacha kupendana asubuhi ya Mapinduzi. Mwezi Septemba 1970, katika kisiwa hichohicho, wasichana wanne wenye asili ya Uajemi waliozwa kwa nguvu kwa wajumbe wa Baraza la Mapinduzi. Dunia ilipiga kelele, kisha ikanyamaza. Walikuwa na wazazi, walikuwa na ndoto, na huenda yupo kijana aliyekuwa akimtazama mmoja wao dirishani.

Atakayeandika kisa hicho kwa Kiswahili, kwa haki, bila kumfanya msichana awe bango la upande wowote, atakuwa amefanya kazi ya mwanahistoria na ya mtunzi kwa mkono mmoja. Akimaliza, sisi wahakiki tutakisoma, tutakipeleka Sinza, tutakaa nacho barazani na kuona nini kimevunjika na nini kimebaki.